Manjano ya Mchumba wa Babu

9 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na lile sikio la kushoto? Ningekupigia simu, lakini siku ile nilipopiga kukwambia mtoto amezaliwa ulinijibu kwamba makopo ya lita ishirini yameisha, nije wiki ijayo. Nimeona tuendelee na barua zetu. Hii nimempa dereva wa lori lenu la rangi, ameahidi kesho kutwa itakuwa mezani kwako.

Mimi sijambo. Mshono unapona, sasa nakaa kwenye kiti bila kukunja uso. Mchumba wako ana siku kumi na moja leo. Ananyonya kwa bidii kama mtu anayewahi safari, na amechukua masikio yako, pole yake.

Ila Baba, ana manjano. Yalianza siku ya tatu usoni, yakashuka mpaka kifuani. Hospitali wakamlaza siku mbili chini ya taa za buluu, amefunikwa macho, amebaki na nepi tu, na mimi nimekaa pembeni nikiruhusiwa kumtoa wakati wa kunyonyesha. Walipopima damu wakasema yameshuka, tukaruhusiwa. Nesi akaniambia akifikisha wiki mbili na bado ni wa njano nimrudishe wapime tena. Wiki mbili zinatimia tarehe 12. Kwa macho yangu bado ni wa njano, ila hata macho yangu siyaamini tena. Namwangalia kutwa. Asubuhi nasema yamepungua, mchana nasema yamezidi.

Baba mtoto yuko kazini mbali hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo mama mkwe amehamia hapa kunisaidia. Anapika, anafua, hanipi hata nafasi ya kushika ufagio. Sina la kumlaumu. Lakini jana alikaa akimtazama mtoto anavyonyonya, akasema taratibu kwamba aliwahi kuwa na jirani ambaye maziwa yake yalikuwa na nyongo, na wanawe wote wawili walikuwa wa njano mpaka alipoacha kuwanyonyesha. Hakusema kwa ubaya. Tangu hapo kila nikimweka mtoto kifuani nakosa raha. Naogopa, Baba. Naogopa ni mimi ninayemtia sumu.

Wewe umechanganya rangi miaka thelathini na nne. Mtu anajuaje kama njano imepungua au imezidi, wakati jicho lake limeshachoka?

Mwanao

---

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba sana. Magoti yananung'unika kama kawaida yake. Sikio la kushoto limeamua kustaafu kabla yangu, na silaumu, maana hii mashine ya kutikisa makopo inapiga kelele tangu hujazaliwa. Mwambie mchumba wangu nimeshaanza kunyoa ndevu kila siku kwa ajili yake, na masikio haya bibi yake aliyazoea, hata yeye atayazoea.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Mambo ya maziwa mimi siyajui. Angekuwepo mama yako ungemuuliza yeye. Lakini rangi naijua, na hapo nitakusaidia.

Jicho la mtu halikumbuki rangi. Mteja anakuja anataka njano ile ile ya ukuta wa sebuleni kwake, anaitaja kwa uhakika kabisa, na akipewa hiyo aliyoitaja anaikataa. Ndiyo maana tuna kadi. Nimekuwekea moja ndani ya bahasha hii. Ina vipande tisa: namba moja ni krimu hafifu, namba tisa ni njano ya kiini cha yai. Kila siku saa nne asubuhi mpeleke mtoto dirishani, dirisha lile lile. Mbonyeze paji la uso kwa kidole, achia, na kabla damu haijarudi linganisha na kadi. Andika namba. Usibishane na namba.

Ikiwa inashuka, nakuomba usijisumbue kwenda kukaa foleni hospitali na mtoto mchanga. Unanijua mimi na hospitali. Mama yako aliingia kwa miguu yake mwenyewe akiwa na homa tu, na mimi nikarudi nyumbani nimeshika viatu vyake. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Sitaki mjukuu wangu apelekwe kule kwa jambo ambalo kadi inaweza kulijibu.

Niletee namba.

Baba yako

---

18 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini umelala vizuri na mashine haijakuchukua sikio la pili. Sisi tunaendelea. Tena mimi leo nina nafuu ya moyo, sikiliza namba zako: tarehe 13, saba. Tarehe 14, saba. Tarehe 15, tano. Tarehe 16, nne. Jana nne. Leo tatu.

Tatu, Baba! Niliita mama mkwe aje aone, na yeye akaona tatu.

Nikwambie nilichokifanya. Tarehe 14, baada ya kupima, nilikaa nikawaza zile taa za hospitali. Zilikuwa za buluu. Nikajiuliza, mwanga wa jua ukipita kwenye kitu cha buluu si utakuwa kama ule wao? Nilikuwa na bitana ya buluu iliyobaki kwenye gauni la mteja, mita mbili na nusu, nyepesi, inapitisha mwanga vizuri. Nikaikunja pindo, nikaitundika dirishani. Mshono wa kwanza tangu nijifungue. Chumba kizima kikawa cha buluu, na mtoto namlaza hapo asubuhi mpaka mchana.

Siku hiyo hiyo ndipo nilipopunguza maziwa. Mama mkwe alisema nijaribu kidogo tu, tuone. Sasa namnyonyesha mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na katikati namnywesha maji ya glukosi kwa kijiko. Yanayojaa nayakamua nayamwaga kwenye sinki. Siku ya kwanza nililia pale kwenye sinki mpaka mama mkwe akafunga bomba akanishika mabega. Lakini namba zimeshuka. Kwa hiyo ni kweli, yalikuwa maziwa yangu. Keshokutwa nitaacha kabisa.

Hospitali sikwenda, kama ulivyosema. Na mtoto sasa ametulia, hasumbui, analala muda mrefu mpaka namwamsha mimi.

Asante kwa kadi. Bila hiyo nisingejua.

Mwanao

---

21 Machi

Mwanangu,

Salamu leo zitasubiri. Shusha hilo pazia, sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Dukani rangi nyeupe ikianza kugeuka njano tunaitia tone la buluu, na njano inapotea machoni. Haijaondoka, imefichwa. Ndiyo kazi ya buluu ya kufulia kwenye mashati meupe. Utaniambia kadi nayo ilikuwa kwenye mwanga huo huo. Ilikuwa, lakini rangi ya kiwandani na ngozi ya mtu hazipokei mwanga sawasawa. Rangi mbili zinafanana juani, ukiziingiza chini ya taa nyingine zinaachana kabisa. Nimegombana na wateja nusu ya maisha yangu kwa sababu hiyo. Nilipaswa kukuonya na sikukuonya, kwa sababu haikunijia akilini kwamba mtu anaweza kutundika pazia la buluu. Nilimsahau binti yangu alivyo. Ukiachiwa kitambaa na wazo, lazima ushone kitu.

Taa za hospitali si buluu ya kitambaa, mwanangu. Ulichobadilisha ni chumba. Mtoto ni yule yule.

Nilipoipata barua yako jana nilikwenda moja kwa moja kwa jirani yetu mkunga mstaafu, nikamsomea yote. Alinipa vidonge vyangu nikavimeza. Aliniuliza nani amenipa cheti cha udaktari. Kisha akaanza kuuliza maswali ambayo mimi sikukuuliza hata moja: mtoto ana kilo ngapi, analowesha nepi ngapi kwa siku, choo chake kina rangi gani, mkojo je? Akasema choo kikiwa cheupe kama chokaa, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, hapo ini lina tatizo na kila siku inahesabika. Lakini hata kama si hivyo, mtoto aliyezidi wiki mbili na bado ni wa njano lazima apimwe damu. Kadi haina kazi hapo.

Nilipomsomea kwamba mtoto ametulia na analala mpaka unamwamsha, aliweka kikombe chini. Akasema, "Huyo hajatulia. Huyo ana njaa."

Alipiga simu yako palepale, akapokea mama mkwe, akasema umelala na mtoto pia, kila kitu kiko salama. Tumepiga tena leo, haipatikani. Kwa hiyo dereva nimemwomba asishushe hata kopo moja popote kabla hajakuletea hii.

Nenda hospitali leo. Mnyonyeshe njiani. Mimi ndiye niliyekukataza kwenda, kwa woga wangu mwenyewe, nikauvalisha nguo za ufundi. Nisamehe. Nenda.

Baba yako

---

27 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mtoto je?

Lori limerudi bila barua. Dereva anasema ile yangu ya tarehe 21 alikukabidhi mkononi, uliisoma umesimama mlangoni, ukageuka ndani bila kumuaga. Jana alipopita tena alikuta kufuli mlangoni na jirani hajui lolote.

Juzi nimechanganya kijani mara tatu, na mara zote tatu nimekosea. Mkunga anakuja dukani kila jioni, anakaa kwenye kopo mpaka nifunge. Simu yako bado haipatikani.

Andika hata neno moja.

Baba yako

---

30 Machi

Baba,

Shikamoo. Mchumba wako yu hai, na anaendelea vizuri. Nimeanza na hilo ili uweze kukaa.

Nimekaa kimya kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu ilianguka kwenye ndoo ya nepi siku ile ile mama mkwe alipoongea na mkunga. Ya pili ni kwamba nilikuwa na hasira nawe. Karatasi ilikuwepo, nesi alinipa tangu siku yetu ya pili hapa hospitali, nikaigeuza na kuigeuza. Nilikuwa na hasira nawe, na mama mkwe, na nesi, na bitana ile, lakini zaidi na mimi mwenyewe. Sasa imepungua. Haijaisha, nisikudanganye.

Niliposhusha pazia nilimwona mtoto wangu. Njano yake ilikuwa pale pale, usoni, kifuani, kwenye weupe wa macho. Lakini hilo silo lililonitia hofu. Nilimshika mapaja, ngozi ikabaki imekunjana kati ya vidole vyangu. Siku zote zile nilikuwa natazama paji la uso, sikuwa namtazama mtoto.

Mama mkwe alifunga mlango tukakimbilia hospitali na nguo tulizovaa. Wakampima. Alizaliwa na kilo tatu na gramu mia moja, na sasa, karibu wiki nne, alikuwa na kilo mbili na gramu mia tisa. Daktari ni mwanamke wa makamo, hana haraka. Alifungua nepi, akaangalia choo, akasema rangi hii naipenda. Akatoa damu kisiginoni. Akanieleza kwamba manjano ni ya aina mbili na damu ndiyo inayojua, macho hayajui, hata yake. Tukasubiri majibu kuanzia asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Sijawahi kuona saa zikienda polepole hivyo.

Ini ni zima, Baba. Ni aina isiyo na madhara, inayochelewa kuondoka kwa watoto wengine wanaonyonya. Inaweza kukaa hata miezi miwili au mitatu na kuisha yenyewe. Nikamwuliza swali langu, lile nililobeba wiki mbili: kwa hiyo ni maziwa yangu?

Akavuta kiti akakaa mbele yangu. Akasema, "Ni kweli, maziwa yako ndiyo yanayochelewesha manjano kuondoka. Lakini hayamdhuru. Kinachomdhuru ni kuyakosa."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitoka nje ya wodi, hakurudi mpaka jioni.

Sasa ndiyo shida yenyewe. Maziwa yamekauka, au karibu. Nilimwaga kila siku, kisha siku mbili za mwisho sikukamua kabisa, nikajifunga kitambaa kifuani kama nilivyoambiwa. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, ananitazama kama niliyemdanganya. Wanamwongezea maziwa ya kopo kwa kikombe kidogo ili apate nguvu, na mimi namweka kifuani kila baada ya saa mbili, kisha nakamua ili mwili ukumbuke. Jana asubuhi nilipata matone kumi na moja. Niliyahesabu. Nesi akasema kumi na moja si haba, akayachukua kwa sindano isiyo na ncha, akamdondoshea mdomoni yote.

Sijui kama yatarudi. Naogopa kitu kingine kabisa sasa: nilipokuwa nayo niliyaita sumu, na sasa ninapoyahitaji huenda hayapo tena.

Mwanao

---

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilikaa, kama ulivyosema, kisha nikasimama tena. Mkunga alisoma barua yako kwa sauti kubwa dukani kwa ajili ya sikio langu, wateja wawili wakasikia yote, na wote wawili wakaondoka na rangi wakiwa wanakuombea.

Hasira yako naipokea. Usiiharakishe kwa ajili yangu.

Kuna jambo nilipaswa kukuandikia tarehe 12 badala ya kukutumia kadi. Sikulikumbuka, na sijui mtu anasahauje kitu kama hicho. Nadhani nilipofunga mlango wa kumkumbuka mama yako nilifungia na mengi mengine ndani. Ni kwamba wewe pia ulikuwa wa njano. Mpaka karibu miezi miwili. Mama yako alikuwa anakuja nawe dukani kwa sababu hakupenda kukaa nyumba tupu, anakaa nyuma ya kaunta juu ya kopo la lita ishirini, anakunyonyesha. Mimi nilikuwa bado mgeni kazini, najiona bingwa. Siku moja nilichukua kadi ile ile ya njano, nikakusogezea usoni, nikaanza kutafuta namba yako. Akaisukuma kadi kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na kazi. Akaniambia, "Wewe angalia makopo yako. Mimi namwangalia mtoto wangu."

Alikuwa ameshakupeleka kupimwa, tena bila kuniuliza. Akaendelea kunyonyesha. Nilicheka siku ile, na wote waliokuwepo dukani walicheka. Miaka thelathini baadaye nimekutumia wewe kadi, kwa sababu nilitaka kufaa kitu, na hicho ndicho pekee nilichokuwa nacho mkononi.

Kuhusu matone, sina ushauri. Mkunga anasema endelea vivyo hivyo, mweke kifuani hata unapodhani hakuna kitu, ulale naye ngozi kwa ngozi, na unywe maji, na usijipime na mwanamke mwingine wodini. Mimi nasema tu kwamba hukuwa mjinga. Ulitaka mwanao apone, ukafanya kila ulichoambiwa na watu unaowaamini. Waliokosea ni hao. Mmoja wao ninamwona kila asubuhi ninaponyoa ndevu.

Usijibu mpaka upate nafasi. Nitangoja.

Baba yako

---

24 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, za siku nyingi? Salamu kwa mkunga, mwambie neno lake la kutojipima na wengine ndilo lililoniokoa, maana kitanda cha jirani alikuwepo mmoja anayejaza chupa huku anapiga soga.

Tuko nyumbani wiki ya pili sasa, na baba mtoto yupo, amerudi na ameongezewa ruhusa. Barua yako ya mwisho nimeisoma mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Sehemu ile ya kiwiko namsomea mtoto. Sikumbuki sauti ya mama, unajua. Sasa nina sentensi zake mbili.

Hasira imekwisha. Iliisha Jumanne moja bila kuniaga, nilikuwa nakunja nepi.

Namba za leo ni za mizani tu: kilo tatu na gramu mia tisa. Macho yake bado yana njano kidogo kwenye pembe, ukitafuta sana, na daktari amesema niache kutafuta. Maziwa ya kopo tulikuwa tunapunguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache, na wiki iliyopita tu

Mzazi mwenzangu, salaam. Hujambo huko na magoti? Mwandiko umebadilika kwa sababu mtoto ameamka amekuja juu, na mwanetu amenipa kalamu akasema nimalizie, mikono yake ina kazi.

Alitaka kukwambia kwamba kikombe cha mwisho tulikitoa Jumamosi. Tangu siku hiyo ni yeye tu.

Nami nina langu. Aliyemwambia ayamwage ni mimi. Nilimpenda mtoto, nikasema nililosikia kwa watu, nami nilipokea simu ya yule mkunga nikamjibu kwamba kila kitu kiko salama. Siku ile ya majibu nilitoka wodini nikakaa kwenye ngazi mpaka jioni. Kumwomba msamaha kwa mdomo nimeshindwa kila siku. Ninachofanya ni kumletea maji anaponyonyesha, naweka glasi karibu naye, kisha naondoka haraka, maana niliona sistahili kutazama.

Leo nimeweka glasi, nikageuka. Akasema, "Mama, kaa."

Basi nimekaa hapa kitandani, ndipo ninapoandikia. Mtoto amemaliza titi la kwanza, ananyonya la pili. Anameza kwa sauti, na maziwa yanamtoka pembeni mwa mdomo mpaka shingoni. Mama yake ananiomba nimpanguse, kwa hiyo naishia hapa.

Bibi wa upande wa pili